Mtu Mmoja, Nakala Moja

1

Namkunda alimhifadhi mama yake wakiwa jikoni, jua halijazama bado. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kifuniko cha sufuria ya makande, wa kulia ulikuwa nyuma ya sikio la mama. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka alikuwa akiwaza nini saa ile, hakupata wazo lolote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angekuwa na wazo, hata liwe la kipuuzi, angelishika na kulilaumu. Lakini kidole gumba kilifanya kazi yake peke yake, kama kilivyozoea kufanya mara saba kwa siku.

Kago lilikuwa kitu kidogo, bapa, mfano wa kifungo cha koti. Wazee ndio waliolipa jina hilo. Zamani kago lilikuwa dawa iliyofukiwa mpakani mwa shamba ili mwizi asiingie. Hili jipya lilibandikwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, na mwizi lililomngoja ni homa ya ukungu.

Ilikuwa homa ya ajabu. Ilikuja na masika, ikapanda milima ya Upare kijiji kwa kijiji, na haikuua mtu. Ilichoma mwili siku tatu, ikaondoka, ikamwacha mgonjwa mzima wa viungo lakini kichwa kimetobolewa kama gunia lililoingiwa na panya. Mmoja alimsahau mkewe, mwingine alisahau kula. Tiba ilikuwa moja. Homa ikishaondoka, mgonjwa alilazwa kwenye kitanda cha zahanati, na nakala ya akili yake, ile aliyoihifadhi kabla ya kuugua, ikamiminwa upya kichwani. Aliamka akiwa yule yule wa siku aliyohifadhi mara ya mwisho. Aliyehifadhi jana alipoteza siku moja. Aliyezembea mwaka alipoteza mwaka. Ndiyo maana kijijini Kilungwi watu waliulizana "Umehifadhi?" kabla hawajaulizana habari za asubuhi, na Namkunda, mtunza nakala wa zahanati, alisifiwa kanisani na msikitini kwa vile alivyowazoesha.

"Nipe hicho hapo," mama alisema. "Hicho cha kukorogea."

Namkunda alicheka. Mwiko ulikuwa mkononi mwa mama mwenyewe.

Kidole kikabonyeza.

Sekunde chache zikapita kabla kicheko hakijamkauka mdomoni. Kwenye ukuta wa zahanati, kwa rangi nyekundu, yeye mwenyewe alikuwa ameandika dalili ya kwanza ya homa ya ukungu: mgonjwa husahau jina la kitu alichokishika. Na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: UKIONA DALILI HII, USIHIFADHI. Homa hii haikuanza na majani, ilianza na mizizi. Neno moja linapodondoka, chini kumeshaliwa miaka.

Kuhifadhi kulichukua nusu dakika. Kukatiza katikati ilikuwa ni kuharibu nakala mpya na ya zamani pia. Hilo walifundishwa siku ya kwanza chuoni. Basi Namkunda alisimama pale pale, kifuniko mkononi, mvuke ukimwunguza kifundo cha mkono, akihesabu. Mama aliuinua mwiko, akaugeuza huku na huku kama mtu aliyeokota kitu cha mgeni.

Taa nyuma ya sikio ikawaka kijani. Zahanati, ndani ya droo yenye jina la Nakiete Mrutu, nakala nzima ya asubuhi ile ilifutika, na mahali pake pakaandikwa mwanamke aliyetobolewa.

Nakala ya pili haikuwepo. Sheria ilikataza. Miaka ya mwanzo watu walikuwa wakijiwekea nakala tano, sita, na familia zikaishia mahakamani: mke anataka mume wa kabla ya pombe, mtoto anataka baba wa kabla ya ndoa ya pili, na mwenye kichwa mwenyewe amelala tu, haulizwi. Ndipo bunge likapitisha maneno matano ambayo kila mtoto wa shule aliyajua: mtu mmoja, nakala moja, basi.

2

Homa ilipoondoka, siku ya nne, Nakiete aliamka, akaomba maji, akamshukuru nesi aliyemletea.

"Asante, binti," alisema. "Mama yako amekulea vizuri."

Nesi mwenyewe alikuwa Namkunda.

Alikwenda nyuma ya zahanati, penye tangi la maji, akakaa chini. Baba yake, Mzee Mrutu, fundi seremala ambaye mikono yake ilinuka mkangazi hata siku za ibada, alimfuata huko. Alimwuliza kwa nini wasimlaze mama kitandani sasa hivi, wammiminie nakala yake, waende nyumbani. Hapo Namkunda alisema uongo wa kwanza. Alisema homa ilikuwa imeingia kimya kimya tangu alfajiri, kwamba nakala ya asubuhi nayo ilikuwa mbovu, kwamba hakuna ambaye angeweza kujua. Mzee aliinamisha kichwa, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Lile neno "makosa" lilimpita Namkunda kifuani kama msumari unaopita kwenye mbao laini.

Tabia hii aliipata kwa mama huyo huyo. Mwaka wa mwisho chuoni, umeme ulikatika Namkunda akiwa ameandika kurasa sitini za utafiti wake bila kuhifadhi hata mara moja. Kompyuta ilipowaka tena, ukurasa ulikuwa mweupe. Alimpigia mama simu akilia. Mama hakujua kompyuta, lakini alijua ndiva. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa na zamu ya kuziba tundu la ndiva ya kijiji, lile bwawa la kuchimbwa ambalo maji ya mlimani hujikusanya humo usiku ili asubuhi yapelekwe mashambani. Tundu lisipozibwa jioni moja tu, kijiji kizima huamkia tope.

"Mimi sisubiri nione kama mvua itanyesha au haitanyesha," mama alimwambia siku ile. "Jioni ikifika, naziba. Na wewe ukimaliza mstari, ziba."

Namkunda akaanza kuziba. Kila mstari, kila aya. Akaandika upya kurasa zile sitini, na alipoajiriwa kutunza vichwa vya watu hakubadilisha tabia, aliiongeza tu. Sasa alikuwa amekaa kando ya tangi akiutazama ule mkono, na tangu siku ile hakumhifadhi mtu tena. Wagonjwa walipokuja, aliwaambia wabonyeze wenyewe.

Walimrudisha mama nyumbani. Polepole wakayajua matundu yalipo. Alijua kupika, kulima tangawizi, kusali. Alimkumbuka mumewe kama kijana mmoja aliyewahi kuja kutengeneza mlango kwa wazazi wake. Alimwita huyu mzee mwenye mvi "baba" kwa heshima, na usiku alilala chumba cha Namkunda kwa sababu, alisema, si vizuri mke wa mtu kulala nyumba moja na mwanamume asiyemjua bila binti karibu. Mzee Mrutu alicheka aliposikia, akasema miaka arobaini ya ndoa na leo ndiyo anachumbia upya, tena bila mahari. Halafu akaenda karakana, na nyundo haikusikika mchana kutwa.

Namkunda hakuwemo kabisa kichwani mwa mama. Si kuzaliwa kwake, si shule, si ile simu.

Mbonea alikuwemo.

Mbonea, kaka mkubwa wa Namkunda, alifariki miaka minne kabla, katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva. Kijiji kizima kilikuwa pale na majembe. Mvua ilikuwa imelainisha ukingo, ukaporomoka, ukamfunika peke yake. Mama alichimba kwa mikono mpaka kucha tatu zikang'oka. Kago halikuwa na msaada. Nakala humiminwa kwenye kichwa kilicho hai, haifufui maiti. Mama ndiye aliyemwosha, akamtoa tope masikioni kwa ncha ya kanga, sikio moja halafu la pili, akikataa kusaidiwa. Hilo lote homa ililiacha. Labda lilikuwa limekwenda chini kuliko meno yake yanapofika.

Kila asubuhi alichukua ufagio akaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kufagia kaburi. Akirudi alinawa, akanywa uji, akamwuliza Namkunda kama kwao ni mbali.

3

Siku ya saba tangu homa iondoke, Mzee Mrutu aliingia zahanati akiwa ameshika mkebe wa mbegu za maharage. Alifunga mlango nyuma yake. Akamimina mbegu juu ya meza, akazitawanya kwa kiganja, na katikati yake pakatokea kago la zamani, la kijivu, nene kuliko ya sasa.

Miaka saba nyuma, serikali ilipoleta makago mapya, yale ya kwanza, yaliyotunza nakala ndani yake yenyewe, yalitakiwa kurudishwa ili yayeyushwe. Lakini Nakiete alikuwa mtu asiyetupa kitu. Nyumbani kwake vifuniko vya chupa vilikuwa na mkebe wao na vipande vya sabuni vina mkebe wao. Alikuwa amepeleka kago bovu la jirani marehemu, la kwake akalitia kwenye mbegu, pengine kwa kuwaza kwamba kitu cha kubandika sikioni hakikosi kazi siku moja.

Namkunda aliliweka kwenye kisomeo, bila kuunganisha na droo, ili atazame tu. Lilikuwa zima. Lilikuwa na mama, mzima, wa miaka saba iliyopita.

Baba yake alikaa kwenye benchi. Alikuwa ameshapanga kila kitu, na alikieleza kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza kitanda au kabati. Zimebaki siku saba. Namkunda mwenyewe amesema kichwa hufunga baada ya siku kumi na nne, kama kidonda, hakipokei tena. Watamlaza. Ataamka anawajua wote wawili. Kuhusu Mbonea, ataambiwa yuko Songea, amepata kazi ya ujenzi, mtandao wa huko hauaminiki. Baada ya mwaka mmoja, miwili, akishapata nguvu, wataona namna ya kumwambia.

"Na watu, Baba? Kijiji kizima kilizika."

"Nitazungumza nao. Nani atakataa kumfichia mama uchungu?"

"Na huyu aliyeko nyumbani sasa?"

Mzee aliokota mbegu moja, akairudisha kwenye mkebe, akaokota nyingine.

"Huyo ni ugonjwa, mwanangu," alisema. "Ni ugonjwa uliovaa nguo za mama yako."

Namkunda alitaka kukubali. Alitaka sana, kwa namna ambayo ilimtia aibu, kwa sababu aliona wazi mama wa kwenye kago lile angekuwa hajui lolote kuhusu mwiko. Kosa lingekuwa halijatendeka. Angeamka, amwite Namkunda kwa jina, amwulize chuo kinaendeleaje, na mwenye kulijua kosa angebaki mmoja tu duniani.

Alimwambia baba yake ampe siku chache za kuandaa mashine. Mashine haikuhitaji maandalizi yoyote.

4

Siku ya kumi na tatu asubuhi, Nakiete alikuja zahanati kwa miguu, ufagio mkononi, udongo umemjaa mpaka viwikoni. Wagonjwa kwenye benchi walisogea wampishe.

"Binti," alisema, "mtu amekuja kuiba msalaba wa mwanangu."

Alikuwa ametafuta kwenye migomba yote, akidhani umeanguka. Alikuwa amefukua kidogo, labda umezama. Namkunda alimwingiza ndani, akamnawisha mikono kwenye beseni, na wakati akimsugua zile kucha tatu zilizoota zimepinda, alijua tayari msalaba uko wapi. Ulichongwa na baba kwa mkangazi, na aliyeuchonga ndiye aliyejua ulivyochomekwa bila kuvunja mti.

Alituma aitwe. Mzee Mrutu alifika akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakukana. Alisema ameuweka karakana, ameufunga kwa blanketi, haujapata hata mkwaruzo. Na mahali pa kaburi alitaka kupanda maharage.

"Kwa nini, baba?" Nakiete aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa tu.

Mzee alimtazama binti yake. Basi Namkunda akaeleza, kwa maneno mepesi, kama alivyowaeleza wagonjwa. Kwamba kuna mwanamke mwingine ndani ya kago la zamani. Kwamba mwanamke huyo ni yeye Nakiete, wa miaka saba nyuma, asiye na tundu. Kwamba wakimmimina, atakayeamka ni huyo.

"Na mimi niende wapi?"

"Hutakwenda popote, Mama." Lilikuwa limemtoka, hilo neno, maana siku zote hizo alikuwa akimwita "bibi" ili asimtishe. "Hutakuwepo."

Nakiete alifikiri. Nje kuna mtoto alikuwa akikohoa.

"Huyo mwenzangu anajua kama Mbonea amekufa?"

"Hajui."

"Kwa hiyo atakuwa anamngoja."

Mzee Mrutu alikuwa akijikuna vumbi kwenye nyusi, akijikuna na kujikuna.

"Mimi ndiye niliyemtoa tope masikioni," Nakiete alisema. "Mkinifuta, nani atakuwa amemwosha? Atakuwa amezikwa bila mama."

Mzee aligeuka akatoka. Walimsikia kwenye ua akimwambia mtu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mvua leo haitanyesha. Kisha mlango wa mbele ukafungwa.

Nakiete alikausha mikono yake kwa kanga. Alimtazama Namkunda usoni kwa muda mrefu, paji la uso, pua, kidevu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Na wewe, huyo mwenzangu anakujua?"

"Ananijua."

"Mimi sikujui."

"Hapana."

"Ndiyo maana unalia." Aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Sikiliza, binti. Kama unamhitaji mama yako, nitakuja kesho nilale hapo kitandani. Mimi kupoteza nimeshazoea. Ila msalaba urudishwe kwanza, nilale nikiwa nimeuona."

Alichukua ufagio wake akaenda zake.

5

Siku ya kumi na nne alikuja saa nne asubuhi, ameoga, amejipaka mafuta, amevaa gauni la kanisani. Msalaba ulikuwa umerudishwa alfajiri, alisema. Aliyeurudisha hakumwona, lakini udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri, na pembeni palikuwa na alama za magoti. Mzee Mrutu alikaa kwenye benchi la nje. Mapajani alikuwa na kitenge cha samawati ambacho Nakiete alikivaa sana miaka saba nyuma, ili akiamka ajikute ndani ya kitu anachokijua.

Namkunda alifunga mlango. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha, kimetandikwa shuka jeupe. Alimwonyesha mama kiti, si kitanda.

Alikuwa na jambo la kusema kabla ya yote, na aliogopa kwamba akianza na kazi hatalisema. Akamweleza kuhusu makande. Kuhusu mwiko, kicheko, kidole, zile sekunde alizohesabu. Kuhusu uongo aliomwambia baba kando ya tangi. Alieleza bila kujitetea, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si homa," Nakiete alisema.

"Homa ilitoboa. Mimi ndiye niliyelifungia tundu lako ndani ya droo. Nisamehe, Mama."

Mwanamke yule alionekana kutaabika kwelikweli. Alikuwa mtu mwema, na alitaka kutoa kile alichoombwa, akawa anatafuta ndani yake kama anayepapasa mkebe gizani.

"Siwezi kusamehe kitu nisichokijua kilivyokuwa," alisema mwishowe. "Sijui ulichoninyang'anya. Labda huyo wa kwenye kago."

"Na yeye hajui. Kwake hayo hayajatokea."

"Basi hakuna wa kukusamehe." Alisema hivyo kwa upole. "Itabidi uishi nalo hivyo hivyo, binti. Inawezekana. Mimi ukingo ule wa ndiva nilikuwa nimeuona una ufa tangu jana yake, nikasema nitawaambia kesho."

Namkunda alinyanyua macho. Miaka minne yote mama hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Yule mama mzima, mwenye kumjua binti yake, alilificha. Huyu mwenye matundu hakuwa na wa kumficha.

Kisha Namkunda akainuka, akachukua kago la kijivu, akaliweka kwenye kisomeo, na safari hii akaliunganisha na droo. Alijua kitakachotokea. Mashine ilitengenezwa kwa kuifuata sheria, na kwenye kioo maandishi yakatokea: Nakala mbili za mtu mmoja. Bonyeza kago la itakayobaki. Nyingine itafutwa pote ilipo.

Alisimama mbele ya maandishi hayo. Ndani ya kile kifungo cha kijivu kulikuwa na sauti iliyomwambia ukimaliza mstari, ziba. Kulikuwa na siku aliyozaliwa, jinsi alivyolia, nani alimpokea. Mambo ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Na kulikuwa na mwanamke ambaye kila jioni angetazama barabara ya Songea. Kwenye kiti alikuwepo mwingine, ameweka mikono magotini, anangoja kuambiwa kama ataendelea kuwepo, na hakuwa akiomba.

Baba alikuwa amesema huyu ni ugonjwa. Namkunda alimtazama vizuri. Ugonjwa haufagii kaburi.

Alikwenda nyuma ya kiti. Aliinua mkono. Kwa siku kumi na nane haukugusa kago la mtu yeyote. Aliligusa sikio la mama, lile sikio lenye tundu la hereni lililochanika, alilolichana akiwa mtoto mchanga mwenye vidole vya kung'ang'ania, yeye mwenyewe Namkunda, katika mwaka ambao sasa haukuwa na shahidi. Safari hii aliwaza. Alihakikisha anawaza, kila neno, kabla ya kubonyeza.

"Hii itauma?" Nakiete aliuliza.

"Wewe haitakuuma, Mama."

Akabonyeza.

Nusu dakika ni ndefu. Alihesabu yote. Hakuikatiza. Kwenye kisomeo, taa ya kago la kijivu ilififia kidogo kidogo, kama kaa lililosahauliwa mekoni, ikazimika. Nyuma ya sikio la mama ikawaka kijani.

Mlango ukagongwa, taratibu, kwa kifundo kimoja cha kidole.

"Ameamka?" Mzee Mrutu aliuliza kutoka nje.

Namkunda alifungua. Baba yake alimtazama yeye, kisha akatazama kitanda, shuka halijakunjika, kisha yule mwanamke kwenye kiti, ambaye alimwitikia kwa heshima kama mtu anavyomwitikia fundi aliyekuja kutengeneza mlango.

"Hakulala, Baba," Namkunda alisema. "Na kuna jambo la jikoni sikukwambia. Nitakwambia leo, lote."

Mzee alisimama akikikunja kile kitenge, mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka kikawa kidogo kiasi cha kuenea kiganjani na hakikunjiki tena. Alikaa kwenye benchi. Hakulia. Alikuwa tu na uso wa mtu ambaye amefiwa asubuhi hii na hatawekewa matanga, kwa kuwa marehemu amekaa pale ndani anakunywa maji.

Nakiete alirudisha kikombe mezani. Alikuwa akimtazama Namkunda tena, kwa ule utazamaji wa kupima kitambaa.

"Samahani, binti. Siku zote hizi umenihudumia, na mimi sijakuuliza. Unaitwa nani?"

"Namkunda."

"Namkunda," mama alirudia, polepole, akiliweka jina mahali. "Ni jina zuri. Aliyekupa alikupenda."

Taa ya kijani ilikuwa bado haijazimika. Namkunda aliingoja izimike, kama alivyofundishwa. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya sikio la mama, akabonyeza tena, ili na hilo liingie.